Daraja la Mkapa: Mita 970 juu ya mto unaopungua

KWA abiria wa basi liendalo Lindi na Mtwara, Daraja la Mkapa hupita dirishani kwa muda mfupi tu. Mwendesha baiskeli atokaye Ikwiriri hulivuka taratibu, na akishuka kutazama chini hupata mandhari inayoeleza mengi kuhusu Mto Rufiji.

Daraja hilo, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa Agosti 2003 na Rais Benjamin Mkapa, ambaye ndiye lililopewa jina lake. Kabla ya hapo wasafiri walitegemea kivuko cha Ndundu, na mvua zilipozidi mikoa ya kusini ilikatika na Dar es Salaam kwa barabara.

Anayefika wakati wa kiangazi huenda akajiuliza sababu ya urefu wote huo. Maji huwa yamepungua na mafungu ya mchanga yamejitokeza. Jibu liko mbali, upande wa magharibi. Rufiji hukusanya maji ya bonde lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, yakiwamo ya mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Masika yakipamba moto, maji hayo yote hushuka kuelekea delta yenye misitu ya mikoko, upande wa mashariki, na mto huvunja kingo zake.

Kwa Warufiji, mafuriko hayo si balaa pekee. Maji yakiondoka huacha udongo wenye rutuba na unyevu, na hapo hupandwa mazao ya mlau. Wakulima wa zamani walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili waishi mashambani hata maji yanapojaa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bondeni kwenye miinuko.

Ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu zaidi ya mto kwa ajili ya umeme wa megawati 2,115, ulianza Desemba 2022. Bwawa huweza kupunguza kishindo cha maji, lakini mvua zikipita kiasi maji hulazimika kuachiwa. Aprili 2024 mashamba na makazi mengi ya bondeni yalizama. Mkulima wa mlau hubaki katikati: maji yakikosekana hana unyevu, yakizidi hana shamba.

Anayekwenda kutazama hufaidi zaidi asubuhi, kabla ya jua kali. Asisimame katika njia ya magari, kwa kuwa malori na mabasi hupita kwa kasi. Ni busara ashuke na kuisukuma baiskeli pembeni.

Akiwa hapo atatambua kwamba wajenzi hawakulipima daraja kwa mto wa kiangazi, bali kwa mto uliofurika. Kipimo hicho ndicho kinachomfaa pia anayejenga nyumba bondeni.