Je, Wajua? Daftari la Kuitia Vijana Jeshini Huandikwa Skuli

Tuchukue ndugu wawili wa nyumba moja pale Wete. Wamemaliza kidato cha sita mwaka mmoja, na wote wamefanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Mmoja kasoma papo hapo Pemba. Mwenziwe alipelekwa kwa jamaa Tanga, akasoma huko. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, linapotoa wito wa mafunzo kwa mujibu wa sheria, aliyesoma Tanga hulikuta jina lake kwenye orodha pamoja na kambi anayotakiwa kuripoti. Aliyesoma Pemba halioni lake. Hakuna aliyepimwa afya kwanza, wala aliyeulizwa anakaa wapi. Kilichowatenganisha ni kwamba wito wa miaka ya karibuni huwahusu wahitimu wa skuli za Tanzania Bara.

Ukitaka kujua namna nchi inavyoandikisha vijana wake kwa ajili ya jeshi, anzia hapo kwenye orodha. Wengi wakisikia habari za kuitwa jeshini huwaza makamanda na bunduki, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya makarani. Lazima pawepo daftari la majina, kanuni ya kuamua nani atangulie, na njia ya kumfikishia mtu wito. Kanuni na njia hurekebishika mwaka hadi mwaka. Daftari ndilo linaloamua mapema nani atabeba mzigo na nani hataguswa, na hoja yangu ni kwamba daftari tunalotumia sisi lilitengenezwa kwa shabaha nyingine kabisa.

Marekani wana wakala mzima wa kazi hii, Selective Service, ambao mizizi yake ni sheria ya 1917. Kuita watu kwa lazima kulikoma 1973, lakini tangu 1980 usajili umerudi. Kila mwanamume wa miaka 18 hadi 25, raia au mhamiaji, anatakiwa awemo daftarini, hata kijana wa Kipemba aliyepata ukaazi wa kudumu huko. Kutojiandikisha kunaweza kumkwamisha siku anapoomba uraia. Serikali yao ikiamua tena kuita watu, bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa itapanga foleni, wakianza wanaotimiza miaka 20 mwaka huo. Mfano wa bahati nasibu hiyo ni ile ya tarehe 1 Disemba 1969. Vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja na tarehe yake ndani, vilimiminwa kwenye chombo cha kioo, na cha kwanza kutolewa kilikuwa 14 Septemba. Wataalamu wa takwimu walipoyachambua matokeo waliona kwamba waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wameangukia namba za mwanzo kupita kiasi. Vidonge viliingizwa mwezi baada ya mwezi, na havikuchanganywa vya kutosha. Mwaka uliofuata utaratibu ukabadilishwa. Upendeleo ule uligundulika kwa sababu kila tarehe ilikuwemo chomboni. Asiyekuwemo, kama wanawake ambao daftari hilo haliwahusu, hakuna hesabu ya vidonge itakayomwonesha.

Sisi tulifuata njia nyingine. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwanzoni vijana walijiunga kwa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikapendekeza lazima kwa wasomi: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ugomvi ule unatueleza daftari la leo limetoka wapi. Lazima ile ilikusudiwa kumrudisha msomi karibu na mkulima aliyemgharimia masomo. Kujaza vikosi halikuwa lengo kuu. Kwa lengo hilo, orodha ya wahitimu ilifaa sana. Vita vya Kagera vilipokuja mwaka 1978, jeshi lilipanuliwa haraka kwa kuingiza mgambo kwa maelfu, na orodha ya skuli haikuwa chanzo kikuu cha askari wale. Lazima ya wahitimu ilisitishwa 1994, ikarejeshwa 2013 kwa mafunzo mafupi zaidi.

Usome wito wenyewe utaona umakini wa makarani. Kijana huambiwa aje na bukta ya buluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, yenye mfuko mmoja nyuma, inayofika magotini; fulana ya kijani, raba, soksi ndefu nyeusi, shuka mbili za buluu bahari, vyeti vyake, na nauli ya kwenda na kurudi. Anayepangiwa mkoa wa baridi abebe nguo za baridi. Wenye ulemavu wa kuonekana huelekezwa Ruvu, Mlandizi. Wito unaofikiria hata mfuko wa bukta haukuwaacha vijana wa Pemba kwa kupitiwa.

Wapo watakaosema Zanzibar ina Jeshi lake la Kujenga Uchumi, JKU, na kambi zake zipo Pemba pia, basi hakuna pengo. Naiheshimu kazi ya JKU katika kilimo na ufundi, lakini huko kijana hujiunga kwa kuomba. Kuomba na kuitwa na sheria ni mambo mawili. Tena ulinzi ni jambo la Muungano, na Baraza la Mitihani vilevile ni la Muungano, ingawa elimu ya sekondari si ya Muungano. Kwa hiyo jina la mtahiniwa wa skuli ya Fidel Castro, Chake Chake, tayari limo kwenye kumbukumbu za Baraza. Majina hayakosekani.

Wengine watasema tutumie daftari la sheha, maana sheha anaijua kila nyumba ya shehia yake. Ni kweli, na kwa ukamilifu daftari hilo linaishinda orodha ya skuli, kwa kuwa lina mvuvi wa Micheweni aliyeishia darasa la saba. Lakini Pemba inajua gharama ya kuweka mamlaka mengi kwenye kalamu ya mtu mmoja. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura kisiwani ulisimamishwa kwa muda kutokana na malalamiko ya watu waliosema wamenyimwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho huombwa kupitia kwa sheha. Daftari ambalo watu wamegombana nalo kwenye kura haliwezi kutulia likiitwa la jeshi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mzazi: kwa nini tutafute daftari pana zaidi, wakati Eritrea vijana wanaitwa kwa miezi 18 kisheria na wengi wanakaa miaka isiyo na mwisho? Hofu hiyo ina msingi. Lakini Eritrea hiyohiyo tangu 2003 huwapeleka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari kwenye kambi ya Sawa, yaani skuli ndiyo mlango wenyewe. Ufinyu wa orodha haumlindi mtu. Kinachomlinda ni muda ulioandikwa kwenye sheria na mahakama inayoweza kuusimamia.

Kwa hiyo naona serikali ina njia mbili za haki. Ama itamke wazi kwamba mujibu wa sheria ni mafunzo ya wahitimu wa Bara, tusiendelee kuyaita wajibu wa vijana wote wa taifa. Ama ianzie kwenye vyeti vya kuzaliwa, ambavyo upande wa Zanzibar vinashughulikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na kama kambi hazitoshi, tarehe za kuzaliwa zichanganywe hadharani na matokeo yake yachapishwe. Njia ya pili itachukua miaka, kwa sababu lazima kwanza mtoto anayezaliwa nyumbani Micheweni au Mkoani apate cheti mapema, bila mzazi kulazimika kumbembeleza mtu.