Simu ya Zamani ya Duka Imestaafu? Iondoe Kwenye Till kwa Mpangilio Huu

Simu iliyokuwa ikisimamia malipo ya duka lako imechoka. Kioo kimepasuka, betri haimalizi nusu siku, na tayari umenunua nyingine. Au simu yenyewe ni nzima, ila kijana aliyekuwa akiishika amepata kazi kwingine na ameaga vizuri tu. Sasa ile ya zamani unaifanyaje?

Wafanyabiashara wengi tunaoongea nao hufuta programu ya malipo kwenye simu ya zamani, wanaweka ile mpya kaunta, na kazi inaendelea. Simu ya zamani inatupwa kwenye droo, mtoto anapewa achezee gemu, au inauzwa kwa fundi wa simu hapo stendi. Maswali huanza baadaye. Mteja anasimama kaunta akisema "nishatuma", na wewe huoni ujumbe wowote. Ijumaa jioni unataka kutoa pesa ulipe wafanyakazi, kumbe nambari ya siri ya kuthibitisha imetumwa kwa laini ambayo hujui iko wapi.

Mara nyingi pesa hazijapotea. Ziko kwenye Till yako, salama. Tatizo ni kwamba mfumo bado unaamini simu ile ya zamani ndiyo bosi. Hakuna aliyeuambia kwamba bosi amestaafu.

Leo tunaeleza jinsi ya kuiondoa simu hiyo kikamilifu, na kwa nini lazima ufuate mpangilio. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya huduma moja na nyingine, lakini mpangilio wenyewe ni uleule.

Kwanza, tenganisha vitu vinne

Watu wengi wakisema "simu ya duka" huwa wanamaanisha vitu vinne kwa pamoja. Vitenganishe kabla hujagusa chochote.

1. Simu yenyewe. Kile kifaa unachoshika mkononi. Ukibonyeza *#06# utaona nambari yake ya IMEI, ambayo haibadiliki hata ukibadilisha laini.

2. Laini. Ile kadi iliyo ndani, yenye nambari inayoanza na 07 au 01. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu fulani, na huyo mtu ndiye anayeweza kwenda dukani kuomba ibadilishwe.

3. Mtumiaji. Jina lililoandikwa kwenye mfumo wa Till kuwa ni msimamizi au mhudumu, pamoja na PIN yake na ruhusa alizopewa: kuona malipo tu, kurudisha pesa kwa mteja, au kutoa pesa kupeleka benki.

4. Till. Nambari ile uliyobandika ukutani. Pesa hukaa hapa.

Sasa ona shida inatoka wapi. Ukifuta programu kwenye simu, umegusa kitu cha kwanza tu. Laini bado iko hai, mtumiaji bado ana ruhusa zake, na Till bado inatuma ujumbe kwa nambari ileile. Mtu akiweka programu hiyo upya kwenye simu nyingine, akiwa na ile laini na PIN, anaingia kama kawaida. Kufuta programu ni kama kuvua sare. Jina bado liko kwenye orodha ya kazi.

Kwa nini usianze na kuondoa?

Inaonekana rahisi: ingia kwenye menyu, tafuta nambari ya zamani, ondoa, maliza. Lakini msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kuongeza msimamizi mwingine. Ukimwondoa wa pekee kabla hujaweka wa kuchukua nafasi yake, hakuna tena mtu ndani ya mfumo anayeweza kumwongeza mwingine. Umejifungia nje na ufunguo umeacha ndani.

Hapo itabidi uje ofisini na kitambulisho na hati za usajili wa biashara, na kama ni kampuni, barua ya wakurugenzi. Tutakusaidia, lakini itachukua muda, na wakati huo wafanyakazi wanasubiri mshahara na msambazaji anataka pesa za mzigo.

Kwa hivyo kanuni ni hii: ongeza, hamisha, jaribu, halafu ndipo uondoe.

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Andika kila kazi inayofanywa na simu ya zamani. Chukua kalamu na karatasi. Je, ndiyo inayopokea ujumbe wa malipo? Ndiyo inayothibitisha utoaji wa pesa? Nambari yake ndiyo iliyo kwenye fomu ya benki? Je, programu ya hesabu au mashine ya risiti imeunganishwa kupitia akaunti ya mtumiaji huyo? Na je, kuna wateja au wasambazaji waliozoea kupiga nambari hiyo? Hili la mwisho watu husahau, na ndilo husababisha wateja kupotea kimyakimya.

Hatua ya 2: Andaa laini mpya. Hakikisha imesajiliwa kwa jina lako wewe mwenye biashara, au kwa jina la kampuni. Usitumie laini ya mfanyakazi, hata kama ni binamu yako. Siku akiondoka, ataondoka nayo, na ni haki yake maana ni yake. Kama hukumbuki laini zipi ziko kwa jina lako, wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *106# kuona zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Hatua ya 3: Iongeze kama msimamizi wa pili. Tumia simu ya zamani kufanya hivi, ikiwa bado inawaka. Ndiyo maana tunasema usiitupe mapema. Laini mpya itapata ujumbe wa kuweka PIN. Weka PIN mpya kabisa. Usihamishe ile ya zamani, na usitumie mwaka wa kuzaliwa.

Hatua ya 4: Hamisha kazi moja baada ya nyingine. Rudi kwenye karatasi yako. Badilisha nambari inayopokea ujumbe wa malipo. Badilisha nambari inayothibitisha utoaji. Waarifu benki. Mwite fundi wa programu ya hesabu aunganishe upya kwa mtumiaji mpya. Kila unapomaliza kazi moja, weka alama.

Hatua ya 5: Jaribu na pesa kidogo. Mwambie mtu atume bob ishirini kwenye Till. Ujumbe umeingia simu mpya? Sasa toa kiasi kidogo kwenda benki ukitumia simu mpya peke yake. Kisha izime ya zamani kabisa na uendeshe duka siku nzima bila hiyo, ikiwezekana siku yenye shughuli nyingi. Kama kuna kazi uliyosahau, itajitokeza siku hiyo, na ukiwa bado na njia ya kurudi nyuma.

Hatua ya 6: Maliza yaliyobaki na uhifadhi rekodi. Angalia kama kuna pesa za mteja ambazo zilikuwa zinarudishwa, au muamala unaosubiri kuidhinishwa na mtumiaji wa zamani. Ukimwondoa ukiwa katikati, unaweza kukwama. Pakua taarifa ya miamala ya Till na uihifadhi mahali pengine. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka rekodi za biashara zitunzwe miaka 5, kwa hivyo usitegemee meseji zilizo kwenye simu ya kioo kilichopasuka.

Hatua ya 7: Sasa ondoa. Ingia na laini mpya, fungua orodha ya watumiaji, chagua nambari ya zamani, uiondoe. Ondoa, usisimamishe. Mtumiaji aliyesimamishwa bado yuko kwenye orodha, na mtu mwenye ruhusa anaweza kumrudisha kwa kubonyeza mara moja.

Hatua ya 8: Hakikisha kweli ametoka. Washa simu ya zamani ujaribu kuingia. Ikikataa, vizuri. Ikifungua na kuonyesha salio, kazi haijaisha. Wakati mwingine programu iliyokuwa wazi hubaki wazi mpaka mtu atoke, kwa hivyo toka kwanza, halafu ujaribu kuingia upya.

Una matawi zaidi ya moja? Soma hapa

Tuseme una duka la hardware Kitengela, lingine Athi River, na la tatu Machakos. Kila tawi lina Till yake, na zote zinasimamiwa na simu moja ya Kitengela. Hiyo ndiyo simu unayotaka kuistaafisha.

Watu huondoa nambari ya zamani kwenye Till ya Kitengela, wanajaribu, inafanya kazi, wanafurahi. Lakini Till ya Athi River ina orodha yake ya watumiaji, na ya Machakos pia. Kule nambari ya zamani bado ni msimamizi. Kuiondoa sehemu moja hakuiondoi kila mahali.

Fanya hatua zote kwa kila Till, na tawi kuu liwe la mwisho. Sababu ni rahisi: maadamu tawi kuu bado linaifahamu simu ya zamani, ukikwama Machakos bado una nafasi ya kurekebisha. Ukianza na tawi kuu, umekata daraja ukiwa bado upande ule.

Pia waambie keshia wa matawi mapema. Wengi wamehifadhi nambari ya zamani kwa jina "Bosi" au "Ofisi". Nambari hiyo ikipiga baada ya mwezi mmoja ikisema "rudishia mteja soo tano haraka", keshia atatii bila kuuliza. Wafutishe jina hilo kwenye simu zao siku ileile.

Simu imekwisha. Laini je?

Laini ya zamani usiitupe kwa haraka. Ukiiacha bila kuitumia kwa muda mrefu, kampuni ya simu huifunga, na baadaye nambari ileile huuzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo hana kosa lolote, lakini ataanza kupokea ujumbe uliokusudiwa wewe, kama kuna mahali ulisahau kuibadilisha. Iweke kwenye simu ndogo, iwashe, iweke salio, na uone ni nani bado anaitumia kukupata. Ikinyamaza miezi kadhaa na kila kitu kimehamishwa, unaweza kuiacha.

Kwenye kifaa chenyewe kuna jambo lingine: meseji zimejaa majina na nambari za wateja wako. Hizo ni taarifa zao binafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka uzilinde na usizikae nazo zaidi ya zinavyohitajika. Kabla ya kuuza simu au kumpa mtoto, toa laini, toa kadi ya kumbukumbu, toka kwenye akaunti ya barua pepe, kisha uirudishe simu ilivyokuwa kiwandani. Kufuta meseji moja moja hakutoshi.

Na kama aliyekuwa na simu ameshaondoka?

Kama mfanyakazi anaondoka kwa amani, fanya kazi hii siku yake ya mwisho, mkiwa mmekaa pamoja. Aone mwenyewe akiondolewa, na muandikiane sahihi. Huko si kumshuku. Kunamlinda yeye pia: pesa zikikosekana wiki ijayo, hakuna atakayemtaja.

Kama ameondoka bila kuaga, au simu imeibiwa, mpangilio wetu unabadilika. Hapo kasi ni muhimu kuliko utaratibu. Tupigie kwanza tusimamishe ruhusa za nambari hiyo, kisha uje na hati zako tuweke msimamizi mpya. Kama laini ni yako, ifungwe kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo. Malipo ya wateja yataendelea kuingia kwenye Till, ila utoaji utasubiri.

Na ieleweke: kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria huja baada ya pesa kutoka. Kumwondoa mtumiaji huja kabla.

Hebu jaribu leo

Kabla hujafunga duka jioni, ingia kwenye orodha ya watumiaji wa Till yako. Soma kila nambari kwa sauti. Kwa kila moja jiulize: huyu ni nani, na laini hii iko wapi sasa hivi? Ukikuta nambari moja ambayo huwezi kuijibia, anza na hatua ya kwanza kesho asubuhi. Ukikwama, usikisie. Tupigie au upite kwa ofisi yetu iliyo karibu, uje na kitambulisho. Na kumbuka, hatutakuuliza PIN yako kamwe, hata tukiwa tunakusaidia.