Kwaresima inakuja: Nani afunge, nani asifunge?

Jumatano ya Majivu ikikaribia, swali linarudi majumbani: bibi mwenye kisukari naye afunge?

Halazimiki. Sheria ya Kanisa Katoliki inawataka wenye miaka 18 hadi 59 wafunge siku mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga maana yake ni mlo mmoja wa kushiba kwa siku, na mingine miwili midogo ambayo ukiijumlisha haifikii ule mmoja.

Kuacha nyama, siku hizo na Ijumaa zote za Kwaresima, kunaanzia miaka 14. Wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha hawabanwi. Dozi hairukwi.

Kwa hiyo bibi akae tu? Hapana. Kwaresima ina nguzo tatu: kufunga, sala na sadaka. Anaweza kusali rozari, kwenda kitubio mapema, au kupatana na jirani waliyenuniana naye.

Na kwa anayefunga, hela ya chipsi kuku isibaki mfukoni. Impelekee asiye na chakula. Bila hivyo, umepunguza uzito tu.