Monita, Msimamizi au Msikilizaji? Hali ya Usikilizaji katika Violesura Dhahania vya Mtandao Pasiwaya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi viendeshi vya kadi za mtandao pasiwaya katika Linux vinavyoshughulikia hali inayoiwezesha kompyuta kupokea fremu zote zinazosikika kwenye chaneli moja, hususani hali hiyo inapowekwa kwenye kiolesura dhahania. Yanadai kwamba istilahi inayoteuliwa huweza kumwelekeza au kumpotosha mwanafunzi, na yanapendekeza istilahi "hali ya usikilizaji".

1.0 Utangulizi

Neno monita limezoeleka katika Kiswahili kwa maana mbili: kioo cha kompyuta, na mwanafunzi anayesimamia wenzake darasani. Mwanafunzi anayelikuta neno hilo katika somo la mitandao huja na maana hizo kichwani. Ya kwanza haina madhara makubwa. Ya pili humfanya adhani kwamba kiolesura chenye hali hiyo kina mamlaka juu ya kadi. Utendaji wa kiendeshi unaonyesha kinyume chake.

2.0 Redio Moja, Violesura Vingi

Kadi ya kawaida ina redio moja, nayo husikiliza chaneli moja kwa wakati mmoja. Kerneli ya Linux, kupitia mfumo wa mac80211 ulioingizwa katika toleo la 2.6.22 mwaka 2007, huweza kuijengea redio hiyo violesura kadhaa vya kiprogramu. Kwa mfano, wlan0 huweza kuwa imeunganishwa na ruta ilhali mon0 imewekwa katika hali ya usikilizaji. Mtumiaji huviona kama kadi mbili. Kwa hakika vinatumia sikio moja.

Mon0 inapowashwa, mac80211 hukiomba kiendeshi kilegeze kichujio cha chipu ili fremu zisizoihusu kompyuta hiyo zisitupwe. Kila fremu inayopokewa hutolewa nakala kwa ajili ya mon0, ikitanguliwa na kichwa cha Radiotap chenye taarifa kama vile masafa, kasi na nguvu ya mawimbi. Kisha mac80211 huichuja upya fremu yenyewe, hivyo wlan0 hupata zile tu zinazoihusu. Data iliyosimbwa hubaki imesimbwa: kusikia si kuelewa.

3.0 Nani Huchagua Chaneli?

Hapa ndipo wengi hukwama. Tuseme wlan0 imeunganishwa na ruta kwenye chaneli ya 6, na mwanafunzi anaamuru mon0 ihamie chaneli ya 11. Kerneli hukataa na kurudisha kosa namba -16, yaani kifaa kinatumika. Kadi haijaharibika wala kiendeshi hakina hitilafu. Kuhamisha redio kungekata muunganisho wa wlan0, kwa hiyo ombi la msikilizaji halipewi nafasi. Wlan0 ikizimwa na kubaki violesura vya usikilizaji pekee, amri ileile hukubaliwa.

Mpangilio wa ndani unaakisi daraja hilo. Kwa kawaida mac80211 haikiarifu kiendeshi kuhusu kila kiolesura cha usikilizaji. Kiendeshi kinachohitaji kuarifiwa hutangaza hivyo, nacho hukabidhiwa kiolesura kimoja cha ndani kinachowakilisha vyote, pale tu visipokuwapo violesura vya aina nyingine vinavyofanya kazi.

Aidha, zipo chipu ambazo kazi nyingi hufanywa na programu dhibiti iliyomo ndani yake. Hizo zisipowezesha usikilizaji, kiendeshi hakina cha kulegeza, hata kama mtumiaji ameandika amri sahihi.

4.0 Uteuzi wa Istilahi

Kwa kuzingatia utendaji huo, "usimamizi" haufai, kwa sababu mon0 haisimamii chochote. "Ufuatiliaji" unakaribia, lakini hudokeza kumwandama mlengwa. Kifaa kinachosikilizwa kikihamia chaneli nyingine, mon0 hubaki ilipo na kukipoteza. "Udukizi" unabeba hukumu ya kimaadili, ilhali fundi huitumia hali hii kutafuta chanzo cha mtandao kukatikakatika. Uhalali wa tendo hutegemea idhini na sheria, na haupaswi kufungiwa ndani ya jina la hali ya kifaa.

"Usikilizaji" unabeba sifa tatu zilizobainika: msikilizaji hupokea bila kuitwa, husikia kinachofika pale alipo, na hapangi mazungumzo.

5.0 Hitimisho

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mon0 ni msimamizi atakapokutana na kosa la -16 atailaumu kadi, pengine hata kununua nyingine. Aliyefundishwa kwamba ni msikilizaji atauliza kwanza ni kiolesura gani kinachoishikilia chaneli. Hivyo basi, watunzi wa istilahi za TEHAMA wanapaswa kuchunguza kitu kinavyofanya kazi kabla ya kutafsiri jina lake la kigeni.