Chumba kimoja, watu wanne: Kanada yazozania wageni na nyumba

Na MWANDISHI WETU

SIKU mpwa wangu alipopata viza ya kwenda kusoma Kanada, dada yangu alichinja mbuzi. Majirani walifurika uani, wazee wakammwagia kijana baraka, na akina mama wakaimba hadi sauti zikakauka. Hiyo ilikuwa katikati ya mwaka wa 2022. Kipande cha shamba alichoachiwa dada na marehemu mumewe kilikuwa kimekwisha kuuzwa, na wakala aliyeshughulikia stakabadhi alikuwa amekwisha kumega fungu lake nono.

Miezi minne baada ya kijana kuabiri ndege, simu yangu ililia usiku wa manane. Hakutaka kuzungumza na mama yake.

"Mjomba," akaniambia, "tafadhali usimwambie mama. Hapa ninapolala ni chini ya nyumba ya mtu. Tuko wanne chumba kimoja, na kila mmoja analipa dola mia sita kwa mwezi."

Nilipiga hesabu palepale kitandani. Kwa thamani ya shilingi wakati huo, hizo zilikuwa zaidi ya Sh50,000. Kwa pesa hizo hapa Nairobi mtu hupata nyumba ya vyumba viwili vya kulala katika mtaa mtulivu, pamoja na bawabu wa kumfungulia lango. Yeye alikuwa akilipia godoro na ruhusa ya kutumia jiko zamu yake ikifika.

Nimeikumbuka simu hiyo majuzi kwa sababu dada amenijia na swali jingine. Kitinda mimba wake, msichana aliyemaliza kidato cha nne, naye anataka kumfuata kaka yake. Kimebaki kipande kimoja cha shamba. Je, kiuzwe?

Kabla ya kumjibu ilinibidi nichunguze yanayoendelea huko, kwani tangu kijana aondoke, Kanada imebadili msimamo wake kuhusu wageni kiasi cha kushangaza hata Wakanada wenyewe.

Mnamo Novemba 2022, waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Sean Fraser, alitangaza kwamba nchi hiyo ingepokea wahamiaji wa kudumu 500,000 katika mwaka wa 2025. Kanada ina ardhi kubwa kuliko nchi zote duniani isipokuwa Urusi, wazee wake wanazidi kuongezeka na watoto wanaozaliwa ni wachache. Nani atawalipia wazee hao pensheni? Nani atawauguza? Wengi waliuona mpango huo kuwa wa busara.

Lakini hesabu hiyo ilikuwa ya wahamiaji wa kudumu pekee. Wanafunzi na wafanyakazi wa muda hawakuwa wamewekewa kikomo chochote, na hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kufikia mwisho wa 2023, watu zaidi ya milioni moja walikuwa na vibali vya masomo. Katika mwaka huo mmoja idadi ya watu nchini humo iliongezeka kwa takriban 1,270,000, na karibu 98 kati ya kila 100 walitoka nje. Chukua watu wote wa kaunti ya Mombasa, wanaume kwa wanawake na watoto, uwaongeze katika nchi yenye watu milioni 40, halafu uulize watalala wapi.

Nyumba zilizoanza kujengwa mwaka huo zilikuwa kama 240,000. Hiyo ni nyumba moja kwa kila watu watano walioongezeka, na wenyeji waliokuwa wakisubiri nyumba kabla yao hawajahesabiwa.

Wanafunzi hao hawakujileta. Mwaka wa 2019, serikali ya mkoa wa Ontario ilipunguza karo za wanafunzi wenyeji kwa asilimia 10, kisha ikazizuia zisipande. Vyuo vikajikuta na pengo mfukoni. Karo ya mgeni haikuzuiwa, naye hulipa mara kadhaa zaidi ya mwenyeji. Basi vyuo vikaanza kuwasaka wageni kwa udi na uvumba, mawakala wakatumwa India, Nigeria, Ufilipino na hata kwetu. Chuo kilipokea karo, wakala akapokea ada, mwenye nyumba akapokea kodi. Suala la mahali pa kulala liliachiwa mtoto wa dada yangu.

Hapa kwetu nako mambo yalikuwa moto. Msomaji atakumbuka jinsi mwaka wa 2023 wazazi wa Uasin Gishu walivyoandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wapelekwe kusoma Finland na Kanada. Wengine waliuza ng'ombe, wengine mashamba, na watoto hawakuvuka hata uwanja wa ndege.

Kwa waliovuka, mambo hayakuwa asali vilevile. Julai mwaka huo, waomba hifadhi kutoka Afrika, Wakenya na Waganda wakiwa miongoni mwao, walilala kando ya barabara ya Peter Street katikati ya Toronto, nje ya ofisi inayogawa nafasi katika makao ya wasio na makazi. Jiji lilisema makao yamejaa na kwamba hao ni mzigo wa serikali kuu. Serikali kuu nayo ikasema makao ni kazi ya jiji. Mvua iliwanyea walipokuwa wakirushwa huku na huko kama mpira, hadi makanisa ya watu weusi yalipofungua milango na kuwalaza sakafuni.

Ni katika hali hiyo mjadala ulipopamba moto. Upande mmoja ukasema: punguzeni wageni, kodi itashuka. Upande wa pili ukajibu kwamba huko ni kumtwika mgeni makosa ya mwenyeji.

Nimesikiliza pande zote mbili na naona kila mmoja umeshika nusu ya jambo. Tazama bei ya kununua nyumba. Mwaka wa 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, Kanada ilipokea wahamiaji wa kudumu wapatao 184,000 tu, idadi ndogo kuliko zote katika miaka zaidi ya 20. Je, bei ilishuka? Ng'o! Ilipaa hadi Februari 2022, nyumba ya wastani ilipogharimu zaidi ya dola 800,000. Kilichoipandisha ni mikopo rahisi, kwani riba ya Benki Kuu ilikuwa robo ya asilimia. Hakuna mwanafunzi wa Kiafrika aliyekuwa akishindania nyumba hizo.

Tena ukosefu huo wa nyumba haukuanza jana. Serikali kuu iliacha kugharimia ujenzi wa nyumba mpya za umma mwaka wa 1993. Katika sehemu kubwa ya makazi ya Toronto, sheria iliruhusu nyumba ya familia moja tu katika ploti, na ni Mei 2023 tu ambapo jiji lilikubali jengo la familia nne. Mwenye nyumba yake na bustani yake hakutaka fleti imzibie jua. Sheria hizo ziliandikwa na wenyeji na zikalindwa na wenyeji.

Hata hivyo, kodi ya nyumba ni jambo jingine, na hapa sitamung'unya maneno. Mgeni anaposhuka kwenye ndege hanunui nyumba, hupanga. Wageni walipofurika 2022 na 2023, huku riba ikiwa imepandishwa hadi asilimia 5 na wenyeji wengi wakiwa wameshindwa kununua, wote walirundikana mlango mmoja. Wenye nyumba waliona soko na wakapandisha. Mfanyakazi wa dukani aliyelalamika kwamba kodi inammaliza hakuwa lazima ni mbaguzi. Alikuwa mtu anayesoma risiti yake.

Sisi tusijifanye wageni wa kilio hicho. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka wa 1991 na Wasomali kumiminika Eastleigh, wapangaji wa zamani walilalamika vivyo hivyo kwamba wenye majumba sasa wanataka pesa za wageni. Leo wengi wa waliolalamika wananunua nguo za Krismasi katika maduka ya Eastleigh.

Huko Kanada, maoni ya watu yaligeuka kama kinyonga. Katika uchunguzi wa taasisi ya Environics wa 2022, ni watu 27 tu kati ya 100 waliosema wahamiaji wamezidi. Miaka miwili baadaye walikuwa 58. Serikali ikasoma dalili. Januari 2024 waziri Marc Miller aliwawekea wanafunzi wa kigeni kikomo kwa mara ya kwanza. Oktoba mwaka huo waziri mkuu Justin Trudeau alikiri kwamba mizani haikuwekwa sawa, akapunguza wahamiaji wa kudumu wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000. Mark Carney aliyemrithi mwaka wa 2025 ameendelea na njia hiyo: 380,000 kwa mwaka kuanzia 2026, na wanafunzi wapya 155,000 pekee kwa mwaka huo.

Matokeo? Kodi za nyumba zinazotangazwa zilianza kushuka mwishoni mwa 2024, na baadhi ya wenye majumba wakaanza kuwapa wapangaji mwezi wa kwanza bure. Waliodai kwamba wageni hawakuwa na uhusiano wowote na kodi wana la kujibu. Lakini waliodai kwamba wageni wakipungua kila kitu kitakuwa shwari nao wana la kujibu. Nyumba ya wastani bado inauzwa zaidi ya dola 650,000. Mauzo ya fleti mpya mjini Toronto yameporomoka, na fleti isiyouzwa leo haijengwi kesho. Vyuo vya Ontario vimefuta kozi na kuwaachisha kazi wafanyakazi kwa kukosa karo za wageni. Sisi tunaokatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu twajua kwamba nyumba haijengwi kwa tangazo la waziri.

Nilimweleza dada haya yote jikoni kwake, akichambua mboga. Nikamwambia pia kwamba tangu Septemba 2025, mwanafunzi lazima aonyeshe dola 22,895 za kujikimu, yaani zaidi ya Sh2 milioni, mbali na karo na nauli. Alinyamaza kitambo.

"Kwa hivyo aende ama asiende?" akauliza.

Tulimpigia kijana simu. Siku hizi anaishi na mwenzake mmoja tu, na chumba kina dirisha. Alimaliza masomo 2024 na anafanya kazi katika bohari, lakini kibali chake cha kazi kinakaribia kwisha, na nafasi za ukaazi wa kudumu zinagombaniwa na maelfu walioingia pamoja naye. Safari hii hakunisihi nifiche lolote. Mama yake alikuwa akisikiliza.

"Mama," alisema, "usiuze kile kipande. Ngoja kwanza tuone kama mimi mwenyewe nitabaki."