Sayansi Kimu: Jina, Fani na Safari Yake Hadi Jikoni

Miongoni mwa maswali yanayowakabili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, liko moja ambalo kwa juu juu huonekana dogo, lakini lina uzito wake. Fani ile inayofundishwa chuo kikuu juu ya chakula, mavazi, malezi, makazi na matumizi ya mapato ya kaya, iitweje kwa Kiswahili? Wengine huiita sayansi kimu, wengine uchumi wa nyumbani, wengine maarifa ya nyumbani, na wapo wanaoiita elimu ya familia na mlaji. Katika makala haya tunakusudia kueleza majina hayo yalikotoka, jinsi fani yenyewe ilivyobadilika katika chuo kikuu cha umma nchini Tanzania, na kwa nini uteuzi wa neno katika fani hii si pambo tu. Mifano yetu ya matumizi tutaitoa mkoani Singida, kwa kuwa huko vyakula vingi vinavyozungumzwa na fani hii hulimwa, husindikwa na kuliwa katika kaya ile ile, na istilahi iliyokosewa huonekana kosa lake mara moja.

Asili ya fani na ya jina lake

Fani hii ilipata umbo la kitaaluma nchini Marekani. Sheria ya mwaka 1862 iliyotoa ardhi ya umma kwa ajili ya kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi ilifungua njia, kwani ni katika vyuo vya namna hiyo ambamo uendeshaji wa nyumba ulianza kufundishwa kwa utaratibu wa kisayansi. Kati ya mwaka 1899 na 1908 wataalamu walifanya mfululizo wa mikutano, ya kwanza ikifanyika Lake Placid, katika jimbo la New York, ili kukubaliana juu ya mipaka ya fani na jina litakaloifaa. Kiongozi wao alikuwa Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kukubaliwa kusoma katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts. Yafaa tukumbuke jambo hili: mwasisi wa fani hii alikuwa mkemia, aliyepima maji na vyakula katika maabara.

Jina la Kiingereza lililochaguliwa lilitumia neno lenye asili ya Kigiriki, oikonomia, ambalo maana yake ya kwanza ni uendeshaji wa nyumba. Baadaye maana ya neno hilo ilipanuka kutoka nyumba hadi taifa, likawa jina la elimu ya uzalishaji na ugawaji wa mali. Neno letu uchumi limepita njia nyingine. Latokana na kitenzi kuchuma, yaani kutungua matunda au majani, na kwa maana ya pili, kupata mali. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "uchumi wa nyumbani" hufasiri maneno, lakini haifikishi fani. Msomaji atafikiri juu ya kipato cha kaya, wala hatafikiri juu ya chakula cha mtoto, usafi wa maji au ushonaji wa nguo. Hii ndiyo sababu yetu ya kwanza ya kutolipendekeza jina hilo.

Sayansi kimu shuleni

Mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa mambo makubwa kwa lugha na elimu nchini Tanzania. Mwezi Machi ulitolewa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na katika mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Masomo ya kazi yalihitaji majina ya Kiswahili yenye hadhi sawa na majina ya masomo mengine. Majina kama "kazi za nyumbani" yalikuwa na upungufu mmoja mkubwa: yalitaja mahali kazi inapofanyikia bila kuitaja elimu iliyomo ndani yake. Sayansi kimu lilikuwa jina bora zaidi, na lilienea katika shule za msingi. Katika miaka ya 1970, shule za sekondari zilipopangiwa michepuo, sayansi kimu ikawa mmojawapo, pamoja na kilimo, biashara na ufundi.

Tulichambue neno lenyewe. Kukimu ni kumpatia mtu mahitaji yake ya maisha. Mtumishi wa serikali analijua neno hili kila asafiripo kikazi, kwa kuwa hulipwa posho ya kujikimu. Kwa hiyo sayansi kimu ni elimu ya kisayansi ya kuyatosheleza mahitaji ya maisha. Kimuundo, jina hili limeunganisha nomino na shina la kitenzi bila kiungo, jambo lisilo la kawaida sana katika lugha yetu. Ndiyo maana baadhi ya waandishi hulitenga, sayansi kimu, na wengine huliunganisha, sayansikimu. Tahajia zote mbili zimetumika. Lililo muhimu ni mwandishi ashikamane na moja katika andiko moja.

Lakini jina zuri halikuizuia maana kupungua. Kwa kuwa mchepuo huo uliwekwa zaidi katika shule za wasichana, sayansi kimu ilikuja kusikika kama jina la upishi na ushonaji, na ya kuwa ni somo la kike. Hapa pana kinyume cha ajabu. Katika mazoea ya Waswahili, anayetajwa aghalabu kuwa na wajibu wa kukimu ni mume: humkimu mkewe na wanawe kwa chakula, mavazi na malazi. Somo ambalo wavulana waliambiwa haliwahusu lilipewa jina linalotokana na kitenzi kinachotaja wajibu wa baba. Kosa basi halikuwa la neno, bali la matumizi. Baadaye mambo mengi ya somo hili yaliingizwa katika Stadi za Kazi, na neno sayansi kimu likaanza kupotea masikioni mwa vijana.

Fani inapofika chuo kikuu

Kwa upande wa elimu ya juu, makao ya fani hii hapa nchini yamekuwa Morogoro. Chuo cha kilimo kilianzishwa huko mwaka 1965, kikitoa mafunzo ya stashahada. Mwaka 1969 kilifanywa kitivo cha kilimo cha chuo kikuu, na mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilipovunjwa, kitivo hicho kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kamili kwa Sheria Na. 6 ya mwaka huo, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984 katika ajali ya gari mkoani Morogoro.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini sayansi kimu iwekwe katika chuo kikuu cha kilimo? Jibu ni kwamba zao haliishii ghalani. Mtaalamu wa kilimo humshauri mkulima hadi siku ya mavuno; baada ya hapo pana kuanika, kukoboa, kusaga, kuhifadhi, kupika na kugawa chakula kwa watu wa nyumbani. Sehemu hiyo ya safari ya zao ndiyo iliyohitaji wataalamu wake. Aidha, mwaka 1973 sheria ya Bunge ilikuwa imekwisha kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na kwa hiyo neno lishe, litokanalo na kulisha, lilikuwa limepata makazi katika maandishi ya serikali.

Shahada iliyotolewa katika chuo hicho iliunganisha mambo mawili katika jina moja: sayansi kimu na lishe ya binadamu. Baadaye mambo hayo yalitenganishwa, lishe ya binadamu ikawa na shahada yake, na sehemu iliyobaki ikachukua jina linalotaja familia na watumiaji wa bidhaa. Mabadiliko ya namna hii hayakuwa ya Tanzania peke yake. Chama cha wataalamu wa fani hii nchini Marekani, kilichoundwa kutokana na ile mikutano iliyoanzia Lake Placid, kilibadili jina lake mwaka 1994, kikaacha kutaja nyumba na kutaja familia na watumiaji. Kila mahali sababu ilifanana: jina la zamani lilikuwa limefungwa jikoni, na fani ilikuwa imekwisha kutoka nje.

Mambo yanavyokuwa Singida

Sasa tumchukue mtaalamu aliyehitimu Morogoro akapangiwa kazi Iramba au Ikungi. Amesomeshwa kwa Kiingereza. Taarifa zake na vipeperushi vyake ataviandika kwa Kiswahili. Akina mama atakaokaa nao chini ya mti huzungumza Kinyaturu au Kinyiramba majumbani mwao. Elimu yake basi yapita katika lugha tatu, na Kiswahili ndicho daraja la katikati. Ubao mmoja ukiwa mbovu, mzigo hautavuka.

Mfano wa kwanza ni wa nafaka. Kiingereza kina neno moja la jumla linalotaja nafaka nyingi za punje ndogo, uwele na ulezi zikiwa miongoni mwake. Mfasiri asiyetazama vizuri huandika "mtama" popote alionapo neno hilo. Singida hulimwa mtama, uwele na ulezi, na hakuna mkulima wa huko atakayeichanganya mimea hiyo mitatu. Wala si suala la jina tu. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za madini ya chokaa, yanayojenga mifupa na meno, ilhali mtama na uwele kwa kawaida havifikishi miligramu 50. Uwele nao una mafuta mengi kuliko ulezi. Kitabu kinachomshauri mama ampikie mtoto uji wa ulezi, kikifasiriwa "uji wa mtama", kimebadili ushauri wenyewe.

Mfano wa pili ni wa mboga. Vitabu husema "mboga za majani", na huishia hapo. Singida na Dodoma watu husema mlenda. Mlenda si jina la mmea mmoja. Ni jina la mboga za namna kadhaa zenye utelezi, nyingine zikichumwa porini wakati wa mvua, zikaanikwa na kutwangwa ili ziliwe kiangazi. Mwandishi akisema tu "kuleni mboga za majani" katika mwezi wa Septemba, msikilizaji atatazama shamba lililokauka na kuona ushauri haumhusu. Akisema "mlenda mkavu" atakuwa ametaja kitu kilichomo ndani ya nyumba.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Jina la zamani la Kiingereza la chakula cha mtoto anayeanza kula lilitokana na kitenzi cha kumwachisha ziwa. Wafasiri wetu walilifuata, wakasema "chakula cha kulikiza", na kulikiza ni kumwachisha mtoto ziwa. Lakini ushauri wa wataalamu si huo. Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani limependekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka 2 au zaidi. Mama anayesikia "chakula cha kulikiza" aweza kuelewa kwamba uji ukianza, ziwa likome. Istilahi "chakula cha nyongeza" haina hatari hiyo, kwa sababu neno lenyewe laeleza kwamba kinachotolewa kinaongezwa juu ya kilichopo.

Mlaji au mtumiaji?

Limebaki neno moja la jina jipya la fani. Katika maandishi ya biashara nchini Tanzania, mtu anayenunua bidhaa kwa matumizi yake huitwa mlaji, na husemwa "kumlinda mlaji". Katika sheria na biashara neno hilo limekwisha kuzoeleka, nasi hatuna ugomvi nalo. Lakini katika fani inayozungumza wakati huo huo juu ya chakula na juu ya vyandarua, sabuni na majiko, mlaji huleta utata: ni yule anayekula, au ni yule anayenunua? Zaidi ya hayo, katika kaya ya mkulima wa alizeti, mtu mmoja hulima, hukamua mafuta, huuza sehemu na kupikia sehemu, kisha huwapa kuku mashudu yaliyobaki. Kumwita mlaji ni kutaja sehemu ndogo tu ya shughuli yake.

Mapendekezo yetu

Kutokana na maelezo haya, tunawapendekezea wasomaji yafuatayo:

(a) Sayansi kimu liendelee kuwa jina la fani nzima, nalo litumike kwa upana wake wa asili, yaani elimu ya kutosheleza mahitaji ya maisha ya familia, kwa wanaume na wanawake.

(b) Lishe ya binadamu litajwe peke yake inapozungumziwa elimu ya chakula na mwili, wala lisifanywe kisawe cha sayansi kimu.

(c) Mtumiaji litumike kwa anayetumia bidhaa na huduma za kila aina. Mlaji lihifadhiwe, katika fani hii, kwa anayekula.

(d) Chakula cha nyongeza lishike mahali pa chakula cha kulikiza, isipokuwa pale ambapo kwa hakika kinachozungumzwa ni kumwachisha mtoto ziwa.

(e) Mtama, uwele na ulezi visifasiriwe kwa kubahatisha. Maana ikiwa haibainiki, mfasiri atafute jina la kisayansi la mmea kabla ya kuandika.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba neno sayansi kimu limekwisha kuzeeka na halifai kuhuishwa. Hoja hiyo ina uzito, na tungependa kusikia maoni yao. Sisi twaona kuwa neno linalotaja wajibu wa kukimu, na kuuweka katika daraja la sayansi, bado lina kazi ya kufanya. Fani hubadilisha majina kila kizazi, lakini mtoto wa Singida huletewa bakuli lile lile la uji, na kilichomo ndani yake hutegemea, kwa sehemu, maneno ambayo mama yake aliambiwa. Hatuna budi basi kuyachagua kwa uangalifu.