Kengele iliyolia mara moja tu: kosa dogo ndani ya Linux lililorekebishwa, kisha likarudi

Ukigusa kioo cha simu yako, iwe uko Goma, Bukavu, Bunia ao Butembo, kidole chako kinakatiza kazi ya mwingine. Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote ndani ya simu, ilikuwa inashughulika na muziki ao na ujumbe unaoingia. Ghafula inaambiwa isimame, kuna kidole kwenye kioo. Inaweka alama mahali ilipofikia, inasikiliza kidole, kisha inarudia kazi yake. Yote hayo yanapita haraka kiasi kwamba muziki hausimami.

Wahandisi wanaita tukio hilo katizo. Saa ya ndani ya mashine inaleta makatizo, antena ya mtandao inaleta, betri inaleta, kitufe cha kuwasha kinaleta. Bila hayo prosesa ingelazimika kuzunguka bila kupumzika ikiuliza kila kifaa kama kina neno, na umeme wa betri ungeishia katika maswali hayo.

Kwa kuwa vifaa ni vingi, kati yao na prosesa kunakaa chipu nyingine, kidhibiti cha makatizo. Ili mfumo endeshi uweze kuongea nacho, mtu anapaswa kuandika programu ndogo, ile ambayo kwetu wengi wanaiita piloti na wengine draiva. Programu hiyo inakaa ndani kabisa ya kerneli, kiini cha mfumo. Ikikosea, hakuna ujumbe mwekundu unaotokea kwenye kioo. Kifaa kinanyamaza tu, na fundi anaanza kulaumu nyaya.

Kisa cha draiva moja ya namna hiyo, kilichoanza mwaka wa 2019 na kufika 2024, kinaonyesha vizuri namna kazi hii inavyofanyika, na kwa nini kuikagua ni kazi ngumu kama kuiandika.

Planton kwenye mlango wa mkubwa

Fikiria ofisi ya mkubwa wa serikali yenye wageni tangu asubuhi. Mlangoni kuna planton. Ana orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia siku hiyo, na anajua nani ana cheo cha kupita mbele ya wengine. Mkubwa akiuliza nani anafuata, planton anamtaja mgeni mwenye uzito zaidi na kuandika kwenye daftari kwamba huyo yuko ndani. Mkubwa akisema "nimemaliza na fulani", planton anafuta maandishi hayo. Mgeni huyo akirudi na shida mpya ataitwa tena. Lakini kama planton hakusikia neno "nimemaliza", kwake yeye mgeni bado yuko ndani, na hawezi kumwita mara ya pili.

Hivyo ndivyo kinavyofanya kazi kidhibiti kinachoitwa PLIC, cha mashine za RISC-V. RISC-V ni mpangilio wa amri za prosesa ulioanzishwa mwaka wa 2010 kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kampuni yoyote inaweza kutengeneza chipu kwa kuufuata bila kulipia leseni. PLIC inaweza kupokea vyanzo vya makatizo hadi 1023. Namba 0 maana yake hakuna mgeni. Prosesa inasoma rejista moja ili kujua nani anafuata, kisha inaandika namba ileile kwenye rejista ileile ili kusema imemaliza. Draiva yake iliingia ndani ya Linux mwaka wa 2018, na toleo la 4.19. Ni faili moja tu, ya mistari mia kadhaa.

Ufupi huo unadanganya. Waraka unaoeleza PLIC una kanuni ambayo msomaji wa haraka anaweza kuiruka. Inasema hivi: prosesa ikisema "nimemaliza na namba fulani" wakati namba hiyo haimo tena kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, neno hilo linapuuzwa. Kimya kimya, bila kosa kurudishwa. Planton wetu, kwa lugha nyingine, hasikii habari za mtu ambaye jina lake limefutwa kwenye orodha.

Nani angefuta jina la mgeni aliyeko ndani? Linux yenyewe, na kwa sababu nzuri kabisa. Kuna vifaa vya polepole, kama chipu inayosimamia umeme wa bodi, ambayo mara nyingi inaongea kupitia nyaya mbili tu. Kuiuliza ina shida gani kunachukua muda mrefu, na programu inayojibu katizo hairuhusiwi kulala ikisubiri jibu, sababu mashine nzima ingesubiri pamoja nayo. Kwa hiyo mkubwa anampokea mgeni, anamkabidhi kwa katibu wa chumba cha pembeni, na kuendelea na kazi. Ili mgeni huyo asiendelee kupiga kengele wakati katibu bado anamhudumia, jina lake linafutwa kwa muda kwenye orodha. Katibu akimaliza, jina linarudishwa.

Mwaka wa 2019 draiva ya PLIC ilipangwa upya ili ifuate utaratibu ambao Linux inautumia kwa vidhibiti vingi. Katika utaratibu huo, kwa vifaa vya polepole, neno "nimemaliza" linatumwa mara tu mgeni anapokabidhiwa kwa katibu. Yaani wakati jina lake limeshafutwa. Planton hasikii. Baadaye jina linarudishwa kwenye orodha, lakini daftari bado linasema mgeni yuko ndani.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Katizo la kwanza linafika na kuhudumiwa vizuri. La pili halifiki. La tatu halifiki. Kifaa kinapiga kengele hadi mashine izimwe, na hakuna anayesikia. Mtu anayejaribu bodi yake mara moja na kuona inajibu ataandika kwamba inafanya kazi, na kwa jaribio lake hajadanganya.

Swali moja lililobadilisha kiraka

Taarifa za ugonjwa huo zilitolewa mwaka wa 2021. Dawa ya kwanza iliyopendekezwa iliandikwa kwa ajili ya chipu za T-Head, tawi la kampuni ya China Alibaba, kana kwamba hizo ndizo zenye tabia mbaya. Ingewezekana kuikubali hivyo. Mistari ingeingia, chipu za T-Head zingepona, na mashine nyingine zenye ugonjwa uleule zingebaki viziwi.

Hapo ndipo mkaguzi anapoonyesha kazi yake. Wakati huo msimamizi wa draiva za vidhibiti vya makatizo ndani ya Linux alikuwa Marc Zyngier, na juu ya mfumo mzima wa makatizo kuna Mjerumani Thomas Gleixner, mtu anayejulikana kwa kutovumilia maelezo ya juujuu. Kiraka kilirudi kwa mwandishi mara kadhaa. Swali lililokuwa mezani ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu: je, ni tabia ya chipu hii peke yake, ao ni ya PLIC zote? Jibu lilikuwa ndani ya waraka, kwenye ile kanuni tuliyoitaja. Chipu ya T-Head haikuwa na kosa. Ilikuwa inatii sheria, na draiva ndiyo iliyoivunja.

Toleo la mwisho, lililokubaliwa mwishoni mwa 2021, linagusa mistari isiyofika kumi na linahusu wote. Kama jina limefutwa, lirudishe, sema "nimemaliza", kisha lifute tena. Kilitumwa pia kwenye matoleo ya zamani ya Linux yanayoendelea kutunzwa.

Kwa maoni yangu sehemu nzuri zaidi ya kiraka hicho ni maelezo yaliyo juu yake, ambayo ni marefu kuliko mistari yenyewe: dalili, sababu, kanuni ya waraka inayohusika, na jina la badiliko la 2019 lililoleta shida. Wasimamizi wa Linux wanadai maelezo hayo kwa sababu miaka mitatu baadaye mtu mwingine atasimama mbele ya mistari hiyo na kujiuliza kama anaweza kuiondoa.

Na ndivyo ilivyotokea, tena kabla ya miaka mitatu. Katikati ya 2022 mhandisi mwingine alileta njia safi zaidi. PLIC inaangalia mambo mawili kabla ya kumpitisha mgeni, orodha na cheo, na mwenye cheo cha 0 haitwi kamwe. Basi badala ya kufuta jina kwa muda, mpe cheo cha 0: hataitwa, lakini jina linabaki kwenye orodha na neno "nimemaliza" linasikika. Ni wazo zuri, linapunguza kazi, na wakaguzi walilikubali. Kwa kuwa jina sasa lingekuwa kwenye orodha siku zote, ule mzunguko wa kurudisha na kufuta ulionekana hauna kazi tena. Ukaondolewa.

Neno "siku zote" ndilo lililoleta shida. Mashine za leo zina prosesa kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja. Prosesa ya kwanza inamwita mgeni. Kabla haijafunga kufuli la kumhudumia, katika nafasi fupi kuliko kufumba jicho, prosesa ya pili inaweza kuamua kuzima kifaa hicho na kufuta jina kabisa. Prosesa ya kwanza inasema "nimemaliza", planton hasikii, na tunarudi kwenye ukimya wa 2021. Tofauti ni kwamba safari hii kosa halitokei kila mara. Linatokea siku ambayo prosesa mbili zimegongana kwenye nafasi hiyo, na kifaa kinaonekana kimeganda bila sababu. Mwanzoni mwa 2024 kiraka kipya kikarudisha ukaguzi ulioondolewa: kabla ya kusema "nimemaliza", angalia kama jina liko, kama haliko, lirudishe kwanza.

Wakaguzi wa 2022 walikuwa wenye ujuzi, na wazo walilolipitisha linatumika hadi leo. Ila kosa la namna hii halionekani kwa macho yanayosoma mstari baada ya mstari. Linaonekana kwa anayejiuliza, kwenye kila mstari, nini kinatokea kama mwingine ataingia hapa sasa hivi.

Ndiyo maana maswali ya wakaguzi wa draiva hizi yanafanana. Kufuli ulilotumia ni la aina ile isiyoweza kulala? Mgeni wako anagonga mara moja na kuondoka, ao anashikilia kengele hadi afunguliwe? Ukichanganya aina hizo mbili, mmoja utampoteza na mwingine atakutesa bila kukoma. Na kiraka chako kinafanya jambo moja, ao umechanganya matatu? Mwandishi mgeni anaweza kuona hayo kama dharau. Majibu ni makavu, yanatolewa mbele ya wote, na toleo la tano ao la sita la kiraka kimoja si ajabu hata kidogo.

Hii inatuhusu wapi?

Tuseme wazi: simu nyingi zinazouzwa kwenye masoko yetu zina prosesa za ARM, si RISC-V, kwa hiyo kosa hili halikuzigusa. Lakini Android inasimama juu ya kerneli ya Linux, ileile aliyoitangaza Linus Torvalds mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, na draiva ya kidhibiti cha ARM inakaa ndani ya sanduku moja na ile ya PLIC, ikipita mikononi mwa wakaguzi walewale. Kosa kama hili likitokea upande huo, linatugusa wote. Na dawa ikishaingia kwenye Linux bado haijafika mfukoni mwako: kampuni iliyotengeneza simu ndiyo inayopaswa kukutumia, na kwa simu za zamani ao za mkono wa pili mara nyingi haitumi tena.

Watu wa Masisi wanajua koltani ya Rubaya inaenda wapi: tantali inayotoka ndani yake inatengeneza vihifadhi umeme vidogo ndani ya vifaa hivyohivyo. Kwenye madini kuna vizuizi, vibali na bunduki. Kwenye mistari ya Linux mlango hauna planton wa namna hiyo. Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuikosoa na kutuma kiraka kwa barua pepe, mradi aweke jina lake na kukubali kuulizwa maswali.

Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta mwenye mashine ya kawaida anaweza kukifuata kisa hiki bila kununua bodi ya RISC-V. Programu ya bure inayoitwa QEMU inaiga mashine hiyo, pamoja na PLIC yake. Garama kubwa kwetu itakuwa megabaiti: chanzo cha Linux, hata kikiwa kimebanwa, kinapita megabaiti 100, na kukipakua na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa. Umeme wa kutosha kujenga kerneli kwa saa nzima ao zaidi nao ni hesabu ya kila mmoja na mtaa wake. Faili ya kufungua iko ndani ya drivers/irqchip, jina lake ni irq-sifive-plic.c. Tafuta sehemu inayosema "nimemaliza". Herufi zake ni eoi. Ndani yake utakuta lile sharti lililowekwa 2021, likaondolewa 2022, na kurudishwa 2024.